Taa Nyekundu Juu ya Kabati la Vyombo

Tarehe 3 Februari

Dada yangu kipenzi,

Furaha niliyonayo haienei kwenye bahasha, kwa hiyo nitakutumia sehemu yake tu. Mama hajambo? Goti lake linaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua ni ya goti, asije akaipaka kichwani kama mara ile. Huku sisi ni wazima. Nimeandika neno "sisi", nikaiweka kalamu chini nikalitazama. Sisi! Mimi ambaye tangu nizaliwe nilikuwa mimi tu.

Najua mtandao wa huko shuleni kwenu unapatikana juu ya tangi la maji peke yake, na ulishaniambia mpishi mkuu kama wewe hawezi kuonekana na wanafunzi akipanda tangi. Basi dereva wa lori lenu la chakula amekubali kuwa tarishi wetu. Kila akija mjini kupakia unga atapita hapa kazini kwangu kwa dobi.

Dada, ndoa ni tamu. Kwa nini hukuniambia? Asubuhi naamka kabla ya mke wangu namtazama anavyolala, mkono mmoja umekamata kona ya mto kama bado yuko juu ya ngazi. Unakumbuka nilivyokusimulia: alikuja kazini kwetu kufunga kamera za ulinzi baada ya wateja kulalamika kwamba makoti yao yanapotea, bosi akaniambia nimshikie ngazi. Nikaishika. Hadi leo sijaiachia. Kazini kwake wanamwita Fundi. Mimi namwita Fundi wangu, na nikisema hivyo mbele ya watu anajifanya kutafuta kitu kwenye mkoba.

Juzi nilimpeleka sinema. Hapendi filamu za mapenzi, anapenda zile zinazotisha bila damu. Hii ilikuwa ya mwanamume anayeishi peke yake na kuhisi kwamba kuna mtu anaingia nyumbani mwake na kusogeza vitu. Anafunga kamera kila chumba. Anatazama picha, hamwoni mwizi, anajiona yeye tu akipita na kikombe. Basi anaanza kujitazama. Kwa nini nilishika kikombe vile? Kwa nini nilitabasamu hapo? Mwishoni hawezi kunywa maji bila kwenda kwanza kutazama alivyokunywa jana. Nilikuwa nimemshika Fundi mkono, nikidhani anaogopa, kumbe anayeogopa ni mimi.

Tulipotoka akasema, huku akitafuna bisi za mwisho, "Lakini kuna ukweli pale. Mtu humjui mpaka umwone akiwa peke yake."

Wiki hii amekuja na kamera nyumbani. Nyeupe, ndogo, ina taa nyekundu. Ameipachika juu ya kabati la vyombo, inatazama sebule nzima. Nikamuuliza, "Ya nini hiyo?" Akasema, "Ya wezi," akaenda kuoga. Ya wezi! Sisi tuna nini cha kuibiwa, labda birika? Nimeelewa, Dada. Yeye anatoka alfajiri, mimi naingia kazini saa nne. Anataka kuniona hata akiwa huko juu kwenye kuta za watu. Kuna mwanamume amewahi kupendwa hivi?

Mdogo wako mwenye bahati,
Pamba


Tarehe 24 Februari

Mdogo wangu Pamba,

Barua yako imefika ikiwa imelowa asali. Dereva anasema nzi walimfuata njia nzima.

Mama hajambo, goti linamsumbua anapoambiwa aoshe vyombo na linapona anapoitwa kula. Mimi niliungua kidogo mkono kwa mvuke wa sufuria kubwa lakini nimeshapona. Mwalimu mkuu mpya anataka maharage yapikwe kwa muda mfupi ili kuokoa kuni. Nikamwambia sawa mwalimu, wewe ndiye utawaeleza wanafunzi mia nne kwa nini matumbo yanaongea darasani.

Nimefurahi kwamba mko "sisi". Mpe wifi yangu salamu, mwambie nampenda kwa sababu haongei sana, maana nyumba yenye wewe ndani haihitaji msemaji wa pili.

Sasa hilo la kamera. Kamera ndani ya sebule ya watu wawili? Umemuuliza ukajibiwa neno moja, ukaongeza mengine mwenyewe. Muulize tena, usubiri ajibu mpaka mwisho. Wewe nakujua. Tangu utoto mtu akikutazama unaacha kutafuna.

Dada yako


Tarehe 19 Machi

Dada yangu mpenzi,

Salamu zako nimemfikishia, amecheka hadi akakaa. Mama mpe pole ya goti na pole ya vyombo. Mimi kazini nimepewa pasi mpya ya mvuke, nzito, ikipita kwenye kola inaacha mstari unaoweza kukata mkate. Bosi anasema sasa suti zote za harusi nitanyoosha mimi, kwa sababu nina roho ya harusi.

Sijamuuliza tena. Ningeuliza nini, "Mke wangu, kwa nini unanipenda?" Badala yake nimeamua kumfurahisha. Akishaondoka asubuhi, siketi tena na fulana kama zamani. Navaa shati lililopigwa pasi. Kifungua kinywa nakila mezani, mgongo umenyooka, nafuta mdomo kwa kitambaa. Napiga deki nikiimba ule wimbo aliouchagua siku ya harusi. Kabla ya kutoka nasimama mbele ya kabati, nainama kidogo, nabusu vidole vyangu na kumrushia kule juu. Jana nilibusu mto wake! Nilihakikisha nimeushika upande wa taa ili aone vizuri.

Ajabu ni kwamba akirudi hasemi kitu. Labda anaona haya. Mimi pia sisemi, maana tukisema itaharibika. Ni siri yetu tamu, Dada, kila mmoja anajua na kila mmoja amenyamaza.

Lakini kutazamwa kuna kazi yake kidogo. Huwezi kujikuna pale unapowashwa. Juzi nilipaliwa na chai nikakimbilia jikoni kukoholea huko, kwa sababu mwanamume anayekohoa hapendezi. Mkate siku hizi nakula nusu mezani kwa adabu, nusu jikoni kwa njaa. Na jioni tukikaa wote sebuleni namshika mkono kwa namna itakayoonekana vizuri, nisimzibe uso. Tukihamia jikoni napumzika kidogo, naegemea ukuta, nanyamaza. Mtu lazima apumzike.

Imenikumbusha kitu. Pale nyumbani wewe ulikuwa jikoni uani, mimi ndani peke yangu, nimeshatia kidole kwenye kopo la sukari, mara sauti yako, "Nakuona!" Naganda. Siku nyingine nagusa redio ya Baba, "Nakuona!" Nilikuwa naapa una macho ukutani. Uliwezaje kuniona, Dada?

Pamba wako


Tarehe 11 Aprili

Pamba,

Dereva alikwama na lori njiani, barua yako imefika ina matope na mimi nimeisoma hivyo hivyo.

Tuko wazima. Mama amepata shoga, mke wa mlinzi wa shule, wanashinda wakisengenya watu wasiowajua. Maharage tumerudi kuyapika kama zamani. Mwalimu mkuu alikula naye siku moja, akaelewa.

Kwenye barua yako umeniandikia kurasa mbili za unavyoonekana. Nimetafuta alichosema mkeo sijakipata. Jana alikula nini? Anachoka? Ile kazi ya kupanda kuta haimuumizi mgongo? Jikoni unanyamaza, umesema. Na yeye akiwa jikoni anafanya nini?

Hayo ya sukari ni ya zamani, tuyaache. Maji ya ugali yamechemka.

Dada


Tarehe 9 Mei

Dada,

Shikamoo, nikikuamkia kwa heshima kama mkubwa wangu. Tuko wazima wa afya. Kazi inaendelea vizuri. Hali ya hewa huku ni nzuri. Mpe Mama salamu.

Ni mimi mdogo wako


Tarehe 22 Mei

We Pamba,

Hii ni barua au tangazo la serikali? Tangu lini wewe ukaniamkia? Mara ya mwisho uliponipa shikamoo ulikuwa umevunja taa ya jirani.

Nimemwuliza dereva. Anasema umekonda, shati limenyooka kuliko mwenye shati, na ulipokuwa unampa bahasha ulikuwa ukitazama kona za dari. Nimeshindwa kula. Mimi, mpishi!

Mama sijamwambia kitu. Anadhani barua zako bado ni za asali, ananiambia nimsomee, nami natunga. Juzi nimetunga kwamba mmenunua pazia. Sasa niandikie ukweli kabla sijaishiwa na vitu vya kununua.

Dada yako, bado


Tarehe 6 Juni

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa stoo ya kazini, katikati ya makoti ya watu yaliyofunikwa nailoni. Kamera za bosi zinatazama kaunta na mlango, humu hazifiki. Nisamehe ile barua ya Mei. Mpe Mama salamu, na hilo pazia mwambie ni la kijani.

Nilikuwa nimeanza kuchoka na kujitazama. Nasema kujitazama, kwa sababu ilifika mahali nikiinua kijiko nakiona kutoka kule juu ya kabati, namwona huyo mtu mdogo mezani, utosi wake unang'aa, anatafuna kama mbuzi. Namrekebisha. Nikiwa kazini pia namwona. Nikiota namwona. Yule mtu wa filamu alihitaji mkanda wa kuurudisha nyuma. Mimi sikuhitaji hata mkanda.

Siku moja nikaona kioo cha kamera kina vumbi. Nikawaza, Fundi wangu ananiona kwa ukungu, maskini. Nikapanda kiti na kitambaa safi. Nilipoigusa tu ikadondokea mkononi, nyepesi kama ganda la yai. Nikaigeuza. Ndani hamna kitu, Dada. Hamna waya, hamna kioo cha kweli, kuna kijipande cha plastiki cheusi, na betri moja ndogo kama ya saa ya ukutani inayowasha ile taa. Ni gamba. Nilikuja kukumbuka kwamba kazini kwa Fundi wana magamba kama haya kwa wateja wanaotaka kutishia wezi tu. Ya wezi, alisema. Alimaanisha ya wezi.

Miezi yote nilikuwa naimbia betri.

Nikairudisha juu polepole. Unajua nilifanya nini kisha? Nilishuka nikainyoosha kola yangu, nikatabasamu. Nilijua mle hamna mtu na bado nikatabasamu.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu. Lakini wiki iliyopita Fundi aliniita mezani, akakaa mbali nami. Akasema, "Nitakuuliza mara moja. Ni nani?"

"Nani nani?"

"Mwezi wa nne nilirudi asubuhi kuchukua drili. Nikakuona kupitia dirisha la koridoni umevaa shati la sherehe, umeinama, unarusha mabusu kule juu ya kabati unapowekaga simu. Unaimba wimbo wangu. Wimbo wetu wa harusi, unamwimbia mtu kwenye simu! Nilitaka kuingia, nikageuka. Nikaondoka bila drili."

Nikainyoosha kola yangu.

"Ukinikuta jikoni unakuwa jiwe. Ukiwa sebuleni unanishika mkono kama tunapigwa picha. Unajifungia chooni. Unashuka kwenye ngazi za jengo kwenda kula mkate, jirani amekuona. Mimi si mtoto. Ni nani?"

Dada, jibu lilikuwa kichwani mwangu, zima, la kweli. Ningesema, "Ni wewe." Lakini hapo ingebidi niseme yote, na angeuliza yapi yalikuwa ya kwake na yapi ya kamera, na mimi sijui. Naapa sijui. Nikafungua mdomo, na kitu kilichokaribia kunitoka ni jina la mwanamke. Nilitaka kukiri mwanamke ambaye hayupo. Kufumaniwa ni kosa ambalo watu wanalielewa, mtu anaomba msamaha, wazee wanaitwa. Ila hili langu, wazee waitwe waambiwe nini?

Nikasema, "Hakuna mtu." Akasema, "Sawa." Analala akitazama ukuta. Akimaliza kazi ya kufunga kamera kwenye ghala moja jipya anaenda kwa mama yake, na hajasema atarudi.

Nimelowesha nailoni ya koti la mtu. Nisitiri, usimwambie Mama.

Pamba


Tarehe 14 Juni

Mjinga wangu,

Hii nampa dereva leo hii, nimemnyima chakula mpaka aondoke.

Mwambie. Usiniandikie kwanza kuniuliza utamwambiaje, usijifanyie mazoezi mbele ya kioo, usichague shati. Mwambie vibaya vibaya. Mwanamke anayeondoka akidhani ana mwenzake atajilinganisha maisha yake yote na mtu ambaye ni betri. Hilo huwezi kumfanyia. Wewe aibu yako itakuua siku mbili, yake itakaa.

Ukishamwambia ndipo uniandikie.

Dada


Tarehe 21 Julai

Dada yangu,

Pokea salamu zangu, nazituma kama zilivyo. Mama nimesikia ameanza kutembea bila fimbo, dereva ameniambia alimfukuza kuku. Huku kazini nimepokonywa suti za harusi kwa muda. Bosi anasema roho ya harusi imenitoka.

Barua yako ilifika siku Fundi alipokuwa anafunga sanduku. Alikuwa ameweka nguo zake kwenye kochi. Akasema, "Hizi ni za safari. Utanipigia pasi, au nipeleke kwa dobi mwingine?"

Nikafungua meza ya pasi pale sebuleni. Hujui ilivyo kumnyooshea mke nguo za kukuacha. Niliinyoosha kila moja kama ya mteja mkubwa, nikiomba ziwe nyingi. Ya mwisho ilikuwa blauzi ya bluu, ile aliyovaa siku ya sinema. Nikaiweka, nikashusha pasi, na hapo hapo, najichukia nikiandika, nikainua macho kule juu ya kabati kuona mgongo wangu unaonekanaje nikiwa na huzuni.

"Unaunguza!"

Nikanyanyua pasi. Alama yake ilikuwa mgongoni mwa blauzi, ya kahawia, imekaa sawasawa kama mhuri. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuunguza hata leso.

Nikazima pasi. Nikapanda kiti, nikaishusha ile kamera, nikaiweka mikononi mwake.

"Huyu hapa."

"Nani?"

"Mwanamke uliyeniuliza."

"Usinichezee. Leo usinichezee kabisa."

"Sikuchezei. Nilikuwa namrushia huyu mabusu. Nilidhani wewe uko upande wa pili."

Akaigeuza. Akaifungua kwa kucha, betri ikadondoka ikabingiria chini ya kochi. Akakaa juu ya nguo nilizozinyoosha. Nilimwambia vibaya vibaya kama ulivyoagiza, mkate, ngazi, choo, mto wa upande wa taa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema, "Ulipaliwa na chai ukaenda kujificha?" Nikasema ndiyo. Akacheka tena. Nikadhani nimepona.

Kisha kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo," akasema, "ulidhani mimi naweza kukuwekea kamera ndani ya nyumba yako, nikakuchungulia, nikirudi nikakaa kimya."

"Nilidhani unanipenda."

"Mtu akipendwa anachunguliwa?"

Nikainama kutafuta betri chini ya kochi.

"Mimi kutwa nakaa kujaribu mitambo," akasema. "Naona walinzi wakichokonoa pua. Naona karani amejificha nyuma ya mafaili analia, kisha anafuta uso anatoka anacheka na watu. Najua mambo ya watu ambayo wake zao hawayajui, na sikuomba kuyajua. Nikirudi hapa nataka kufumba macho. Ndiyo maana nilileta gamba. Ningeweza kuleta nzima, zimejaa kazini."

"Ulisema mtu humjui mpaka umwone akiwa peke yake."

"Nilikuwa natafuna bisi!" Akalia kidogo. "Ule wimbo ulikuwa wa nani?"

"Wa kamera."

"Maua uliyoweka mezani?"

"Sijui. Nusu."

"Nusu," akasema. "Basi nikwambie na mimi. Kila jioni nilikuwa nakaa jikoni makusudi. Nilikuwa nimeona kule sebuleni unacheza, nikawaza, akija jikoni atakuwa mwenyewe, ataniambia hata pole na kazi. Nikamenya vitunguu ambavyo hatukuvihitaji. Ukawa unaegemea ukuta."

Dada, aibu yote niliyokuandikia mwezi wa sita ilikuwa ya mtu aliyeonekana mjinga. Ile niliyoipata hapo sina pa kuiweka. Yule mtu niliyekuwa namwigizia alikuwa anasubiri hatua chache tu kutoka hapo, kwenye kigoda, macho yanamwasha kwa vitunguu.

Aliondoka hata hivyo. Aliivaa blauzi ile ile iliyoungua. Mlangoni akasema, "Nikirudi nikakuta umepanga viatu, naondoka tena. Kaa hovyo. Mwenyewe." Nikamuuliza atarudi lini, akasema hata yeye hajui.

Nimejaribu kukaa hovyo. Mwanzo nilikuwa nakaa hovyo vizuri, sahani naiacha mezani kwa pembe inayopendeza. Usicheke. Siku ya kwanza niliyosahau kweli ni Jumapili iliyopita. Nilitoka kanisani nimechoka, nikavua shati, nikala mkate na mchuzi wa jana ndani ya sufuria, nikalala kwenye mkeka sakafuni kwa uvivu. Nilipofungua macho Fundi alikuwa amekaa kwenye kochi na mkoba wake bado begani, anamalizia mkate wangu.

Nikaruka. Fulana ina mchuzi, shavu limechorwa mistari ya mkeka.

"Umefika saa ngapi?"

"Nimefika."

"Ulikuwa unanitazama?"

"Kidogo."

"Nilikuwaje?"

Akafikiri, mkate mdomoni. "Ulikuwa umelala."

Akaenda jikoni. Nikamfuata. Sikujua nisimame wapi, kwa hiyo nikakaa sakafuni, nikamwambia pole na safari. Akasema asante. Kisha akavuta kigoda akakaa, wala hakunipa mgongo. Sikuambii kwamba yameisha. Analala bado upande wa ukuta, ila jana alirudisha mguu mmoja huku kwangu. Gamba amelirudisha kazini. Pale juu ya kabati umebaki msumari, nami bado nashtukia nikiutazama.

Nimekuuliza mara moja ukasema maji yamechemka. Nakuuliza tena, na mimi sikasiriki. Ile "Nakuona". Uliwezaje?

Mdogo wako


Tarehe 12 Agosti

Pamba mdogo wangu,

Mama anakusalimu, na anasema asante kwa pazia la kijani, anataka kuja kuliona. Kwa hiyo mnunue pazia. Wifi yangu mwambie vitunguu visivyohitajika anifungie kwenye lori, huku tuna midomo mia nne.

Nilianza barua hii mara nyingi. Nimeiandika jikoni wanafunzi wakiwa darasani. Dirisha la hapa ni kubwa, naona uwanja wote, ndipo nilipokumbuka.

Jiko letu la kule nyumbani halikuwa na dirisha, Pamba. Lilikuwa na mlango mmoja, na mlango ulitazama choo. Unalijua. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Mama yuko sokoni kutwa, nina moto, nina sufuria na nina wewe, na siwezi kuviacha viwili nikimbilie cha tatu. Basi nilikuwa napaza sauti tu, "Nakuona!", kila nikikumbuka, nikaendelea kupepeta mchele. Mara nyingine ulikuwa umelala. Mara moja nilipiga kelele nusu saa, kumbe uko kwa jirani.

Siku ile ya sukari sikukuona. Sijawahi kukuona hata siku moja.

Kula unavyotaka.

Dada yako